Kupaka Rangi na Kuchakaza Modeli ya Kifaru: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila ninapomaliza kifaru kidogo cha kijeshi cha plastiki na watu wakakiona, maswali huwa ni yaleyale: rangi gani inunuliwe kwanza, kama ni lazima kuwa na brashi ya hewa (kifaa kidogo cha kupulizia rangi), kwa nini plastiki imepasuka baada ya kupakwa thina, na kwa nini tope lililowekwa kwa bidii kubwa linafanana na uji uliokaukia kwenye sufuria. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza hapa Uganda asiharibu modeli yake ya kwanza, ambayo mara nyingi imemgharimu fedha nyingi na miezi ya kusubiri mzigo ufike.

Mfano nitakaoutumia ni kifaru cha T-55 kwa kipimo cha 1/35. Nimekichagua kwa sababu kampuni kadhaa, zikiwemo Tamiya, Takom na MiniArt, zimetengeneza seti zake. Kwa sababu umbo lake halimsumbui anayeanza, kwa kuwa kina magurudumu matano makubwa kila upande bila vigurudumu vya juu vya kubeba mnyororo. Na kwa sababu ni kifaru kilichopita katika ardhi hii. Jeshi letu linavyo, na vikosi vya Libya vilivyokuja kumsaidia Idi Amin vilikuwa navyo Lukaya mwezi Machi 1979. Anayetengeneza deraya au lori la kijeshi atatumia hatua hizihizi bila kubadilisha kitu kikubwa.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu linaongoza kila hatua iliyo hapa chini: uchafu una kwao. Vipeperushi vya ndani ya seti na video nyingi za mafunzo huonyesha tope la Ulaya, la kijivu na kahawia iliyofifia, na anayeanza huliiga bila kujiuliza. Gari lililotembea kwenye barabara za murramu zilizo kati ya Masaka na Kampala halichafuki hivyo. Kabla hujashika brashi, amua kifaru chako kimetoka wapi, katika msimu gani, na kimefanya kazi kwa muda gani, kisha usiweke doa hata moja ambalo huwezi kueleza limesababishwa na nini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Modeli iliyounganishwa, lakini magurudumu na minyororo vikiwa bado havijabandikwa.
- Praima (rangi ya kwanza, inayoshikisha nyingine) ya kopo la kupuliza, ya kijivu au nyeusi, inayofaa plastiki.
- Rangi za akriliki: kijani cha zeituni, kahawia ya udongo, kahawia nyekundu, nyeusi, nyeupe na rangi ya ngozi ya ng'ombe (kahawia hafifu yenye umanjano, ile inayoandikwa Buff).
- Vanishi mbili za akriliki, moja ya kung'aa na nyingine isiyong'aa.
- Tyubu tatu au nne za rangi ya mafuta ya wachoraji: nyeusi, nyeupe, na zile mbili zilizoandikwa Burnt Umber na Burnt Sienna.
- Waiti spiriti safi, ya kuyeyushia rangi ya mafuta.
- Brashi bapa ya upana wa sentimita moja, brashi ya kati, na moja nyembamba sana ya namba 000.
- Kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, vijiti vya meno, vijiti vya pamba, kadibodi isiyo na nta, penseli laini ya 6B au 8B, barakoa, na taa inayoangaza vizuri.

Orodha hii inahitaji maelezo katika mambo mawili, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi na kuomba rangi ya mafuta, utapewa rangi ya kupakia mageti na madirisha. Hiyo ni nzito, hung'aa, na itafunika kila bolti ndogo iliyochongwa kwenye modeli. Unayoihitaji ni ile ya tyubu wanayotumia wachoraji wa picha kwenye turubai, nayo hupatikana katika maduka ya vifaa vya sanaa. Jambo la pili ni thina. Thina ya rangi za magari, ile ambayo mafundi wa kupuliza magari huichanganyia rangi, huyeyusha plastiki ya modeli papo hapo. Mafuta ya taa nayo hayafai, kwa sababu huacha utelezi unaokataa kukauka, na petroli isikaribie kabisa meza yako. Nunua waiti spiriti, ujaribu tone moja juu ya fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande, usubiri usiku mmoja, kisha ukunje fremu hiyo uone kama imekuwa kavu ya kukatika.

Je, brashi ya hewa ni lazima? Hapana. Inarahisisha kazi na kutoa rangi laini, lakini nimeona vifaru vizuri sana vilivyopakwa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu uchakavu unaokuja juu yake huficha kasoro ndogo za brashi. Ukiwa nayo, ya sindano ya milimita 0.3 inatosha, ikiwa na kompresa yenye kichujio cha maji. Kichujio hicho usikidharau, kwa kuwa hewa yetu ya karibu na ziwa ina unyevu mwingi, na bila hicho matone ya maji yatatoka pamoja na rangi.

Fanya kazi dirisha likiwa wazi, ukiwa na barakoa, mbali na sigiri yenye moto. Mvuke wa waiti spiriti na wa makopo ya kupuliza hushika moto.

Hesabu fupi ya kipimo

Katika 1/35, milimita moja kwenye modeli ni sentimita 3.5 kwenye kifaru halisi. Mchubuko wa rangi wenye upana wa milimita moja, ambao machoni mwako ni kitu kidogo, kwa kweli ni bamba la rangi lenye upana wa vidole viwili lililobanduka. Punje ya udongo ya nusu milimita ni jiwe la karibu sentimita mbili lililonata ubavuni mwa kifaru. Iandike hesabu hii kwenye karatasi na uibandike mbele ya meza yako, kwa sababu makosa mengi ya uchakavu ni makosa ya kipimo.

Hatua za kazi

1. Osha modeli. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, sugua taratibu kwa mswaki laini, suuza, kisha iache ikauke yenyewe usiku kucha. Mafuta ya vidole na ya kiwandani ndiyo yanayofanya praima ijikusanye kama maji juu ya jani la mgomba. Baada ya kuosha, shika modeli kwa kipini: chomeka kijiti kinene chini ya mnara (sehemu ya juu yenye mzinga), na ubandike bodi, yaani kiwiliwili cha chini, juu ya kifuniko cha chupa.

2. Puliza praima. Tikisa kopo kwa dakika mbili kamili, simama sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye modeli, na anza kupuliza kabla mkono haujafika juu yake, ukimalizia baada ya kuvuka. Weka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito. Ikiwa kopo lako ni la praima ya magari, lijaribu kwanza kwenye fremu, kwa sababu baadhi ya praima hizo huitafuna plastiki. Usipulize jioni ya mvua. Subiri siku moja kabla ya kuendelea.

3. Paka rangi kuu. Kijani cha zeituni kama XF-58 ya Tamiya kinatosha kuanzia. Kichanganye na nyeupe kidogo au rangi ya ngozi ya ng'ombe, kwa sababu rangi iliyotoka moja kwa moja kwenye chupa huonekana nzito mno juu ya kitu kidogo, na hatua zinazofuata zote zitaizidisha kuwa nyeusi. Anayeanza asiogope kijani kinachoonekana chepesi kupita kiasi katika hatua hii. Kitajirekebisha.

Kwa brashi ya hewa, changanya rangi na thina yake nusu kwa nusu, na utumie msukumo wa psi 15 hadi 20. Pulizia kwanza maeneo ya chini na pembe zilizojificha, kisha ongeza nyeupe kidogo kwenye rangi ileile na upulizie katikati ya mabamba ya juu yanayopigwa na jua. Kwa brashi ya mkono, chagua akriliki inayochanganywa na maji, kwa sababu ile yenye alikoholi hukauka haraka na kubandua tabaka la chini unaporudia. Weka tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine, na usirudi kugusa mahali palipoanza kukauka.

Mipira ya magurudumu ipake kijivu cha giza, wala si nyeusi kabisa. Tazama tairi lolote lililosimama barabarani na utaona kwamba nyeusi safi haipo.

4. Weka vanishi ya kung'aa, kisha dekali, yaani namba na alama za kubandika zinazokuja na seti. Uso usiong'aa una vishimo vidogo vinavyonasa hewa chini ya dekali na kuacha kingo zenye weupe. Kata kila dekali karibu na mchoro wake, iloweke kwenye maji kwa sekunde chache, iweke juu ya kitambaa chenye unyevu mpaka ianze kuteleza, kisha isogeze kwa brashi iliyolowa na ubonyeze kwa kijiti cha pamba kutoka katikati kwenda pembeni. Zikikauka, pitisha vanishi ya kung'aa mara nyingine, na usubiri saa 24.

5. Paka woshi. Woshi ni rangi nyepesi sana inayotiririka kwenye mifereji na kuzunguka bolti ili kuonyesha vivuli. Kamua kidogo rangi nyeusi na Burnt Umber juu ya kadibodi na uiache kwa saa moja hivi ili kadibodi inywe mafuta yake, la sivyo haitakauka kwa siku nyingi. Kisha iyeyushe kwa waiti spiriti mpaka iwe kama chai ya rangi. Gusa mshono wa kuchomelea, ukingo wa mfuniko au mzunguko wa bolti kwa ncha ya brashi nyembamba, na uache woshi ijikimbilie yenyewe. Usiifunike modeli nzima. Baada ya dakika 20, futa iliyozidi kwa kijiti cha pamba chenye unyevu wa waiti spiriti, ukivuta kutoka juu kwenda chini.

Hapa kuna onyo ninalolitoa kwa uchungu. Modeli yangu ya pili ilipoteza mikono miwili ya magurudumu kwa usiku mmoja, kwa sababu niliijaza woshi sehemu ya chini na kuiacha ituame pale inaposhikana na bodi. Waiti spiriti inayotuama kwenye kiungo chenye mkazo hupenya mpaka kwenye plastiki tupu na kuifanya ikatike kama biskuti. Paka kidogo, na unyonye kila dimbwi kwa ncha ya brashi kavu.

6. Puliza vanishi isiyong'aa. Fanya hivi sasa, kabla ya vumbi, na usikubali ushauri wa kuiweka mwisho wa kazi yote. Vanishi ikipita juu ya poda, poda hulowa, hukoza rangi, na vumbi ulilolipanga kwa siku mbili hutoweka mbele ya macho yako. Chagua mchana mkavu. Katika miezi ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mimi hungoja mpaka saa nane ya mchana wakati unyevu umepungua.

7. Tengeneza michubuko. Chana kipande kidogo cha sponji ili kingo zake ziwe na mikwaruzo isiyo sawa, kichovye katika rangi kuu iliyoongezwa nyeupe, kigongegonge juu ya karatasi mpaka kibaki karibu kikavu, kisha gusa kingo za mifuniko, mbele ya madigadi na mahali ambapo askari hukanyaga wanapopanda. Hii ni mikwaruzo ya juu ambayo haijafika kwenye chuma. Kisha, kwa brashi ya namba 000, weka kahawia iliyochanganywa na nyeusi ndani ya baadhi tu ya mikwaruzo hiyo, pale ambapo chuma kimeonekana.

Jiulize mkono na kiatu hupita wapi. Wafanyakazi wanne wa T-55 huingia na kutoka kwa mifuniko ileile kila siku, na hukanyaga madigadi na mgongo wa injini. Ubavu wa mnara ambao hakuna anayeugusa hauna sababu ya kuchubuka. Kosa la kawaida ni kutawanya michubuko kila mahali kwa usawa, hata kifaru kikaonekana kimeugua surua. Kutu ya rangi ya machungwa nayo iwekwe kwenye ekzosi, ambayo katika T-55 iko upande wa kushoto juu ya madigadi, kwa kuwa joto huunguza rangi yote pale. Kifaru kinachofanya kazi hakioti kutu ya namna hiyo kwenye bamba nene la mbele.

8. Chora michirizi ya mvua. Weka nukta ndogo za rangi ya mafuta, nyeupe kidogo, Burnt Umber na Burnt Sienna, kwenye mabamba yaliyosimama wima. Lowesha brashi bapa kwa waiti spiriti, ikaushe kwenye kitambaa mpaka ibaki na unyevu tu, kisha vuta nukta kutoka juu kwenda chini mpaka zikaribie kutoweka. Ukiona umezidisha, futa na uanze tena, kwani rangi ya mafuta inakupa saa kadhaa za kubadili mawazo. Karibu na mifuniko ya matangi ya mafuta yaliyo kwenye madigadi ya kulia, weka doa dogo la nyeusi na kahawia lenye vanishi ya kung'aa kidogo. Hayo ni mafuta yaliyomwagika wakati wa kujaza.

9. Weka vumbi, kisha tope. Hatua hii ndiyo inayokifanya kifaru kiwe cha hapa kwetu, na ndiyo ninayoipa muda mrefu kuliko zote.

Kabla ya kufungua kopo lolote, nenda ukasimame kando ya barabara ya murramu na utafute lori la mchanga au la matoke lililoegeshwa. Litazame kwa karibu. Sehemu ya juu ya kabini ya dereva ina vumbi jembamba la machungwa hafifu, karibu pinki jua likiwa kali. Kadiri unavyoshuka, vumbi linakoza. Nyuma ya gurudumu kuna mkia wa matone uliorushwa kwenda juu na nyuma, ukiwa mzito karibu na tairi na kutawanyika kadiri unavyokwenda mbali. Pale dereva anapoushika mlango, rangi halisi ya lori inaonekana ikiwa safi na yenye kung'aa, kama imepigwa msasa. Kwenye pembe za ndani ambako hakuna mkono wala upepo unaofika, vumbi la wiki nyingi limejikusanya. Piga picha mbili tatu. Zitakufaa kuliko mafunzo yoyote.

Poda za rangi zinazouzwa ni nzuri, lakini udongo wenyewe tunao miguuni. Wekundu wake unatokana na oksidi za chuma, na ndicho kilekile kinachotia rangi katika poda nyingi za dukani. Chukua mikono miwili ya udongo mkavu, uanike juani siku mbili, uutwange, uupitishe kwenye chujio la chai, kisha uupitishe tena kwenye soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya mdomo wa gilasi. Unachotaka ni unga unaoelea ukiupuliza; kumbuka hesabu ya punje na jiwe. Vaa barakoa wakati wa kuchuja. Ugawe unga huo mafungu matatu: moja liache lilivyo, la pili ulichanganye na chaki nyeupe ya ubaoni iliyosagwa mpaka liwe hafifu, na la tatu uliongezee makaa kidogo yaliyosagwa. Fungu la chaki ndilo utakalotumia zaidi, kwa sababu udongo halisi ukiwekwa bila kuchanganywa huonekana mwekundu mno kwenye kitu kidogo.

Kwanza, paka ukungu mwepesi sana wa akriliki ya kahawia ya udongo iliyoongezwa kahawia nyekundu kwenye sehemu ya chini ya bodi, magurudumu na nyuma, ukiwa umeipunguza makali kwa maji au thina mara sita au saba. Baada ya kukauka, chukua unga hafifu kwa brashi kavu na uuache uanguke wenyewe kwenye maeneo yaliyolala bapa, pembe za madigadi na kati ya masanduku ya vifaa. Lowesha brashi nyingine kwa waiti spiriti na uiguse pembeni tu mwa unga, bila kuuchokoa. Utaona unyevu ukikimbia ndani yake wenyewe. Rangi itakoza na kukutia hofu. Usiongeze wala kupunguza kitu mpaka ikauke kabisa, maana hurudi kuwa hafifu baada ya saa moja. Ndipo ufute kwa kijiti cha pamba kikavu mahali ambapo mikono na viatu hupita, kama ulivyoona kwenye mlango wa lori.

Tope huja baada ya vumbi. Changanya udongo uliochujwa na jasi kidogo na gundi nyeupe iliyotiwa maji mpaka upate uzito wa maziwa mala. Lipake sehemu za ndani ya bodi nyuma ya magurudumu na chini ya madigadi kwa kugongagonga brashi, wala si kwa kulivuta. Kisha chovya brashi ngumu, shika kijiti cha meno mbele yake, na ukwaruze nywele za brashi ili matone yarukie bodi kutoka nyuma ya gurudumu, kwa mwelekeo uleule ulioona barabarani. Kinga mnara kwa karatasi. Tope la zamani liwe hafifu na lenye mpasuko, la leo liwe zito na jekundu, na lile bichi kabisa uligusie vanishi ya kung'aa katika nukta chache tu.

Kumbuka tena kwamba uchafu una kwao. Udongo wa Buganda ni mwekundu, lakini ule wa Kisoro, uliotokana na volkano, ni wa giza, na tambarare za Karamoja zina mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Kifaru kilichopita kando ya kinamasi cha Lukaya kingekuwa na mchanganyiko: vumbi jekundu la barabarani juu, na tope jeusi la mafunjo chini ya mstari wa magurudumu. Mchanganyiko kama huo ukipangwa kwa tabaka, la zamani chini na la karibuni juu, mtazamaji anaisoma safari yote bila kuelezwa.

10. Maliza minyororo. Ipake kahawia ya giza, kisha vumbi na tope kama bodi. Baada ya kukauka, sugua penseli laini kwenye meno yanayogusa ardhi na kwenye pembe za ndani zinazosuguliwa na magurudumu, mpaka zing'ae kama chuma. Fanya vivyo hivyo kwenye meno ya gurudumu la kuendesha, ambalo katika T-55 liko nyuma. Minyororo ya kifaru kinachotembea haibaki na kutu ya machungwa, kwa sababu kila mzunguko unaisugua. Ivishe sasa, na uilaze juu ya magurudumu kwa gundi kidogo, kwa kuwa mnyororo wa T-55 hulegea na kulalia magurudumu yenyewe.

Matatizo yanayojitokeza na tiba yake

*Rangi ina chengachenga kama msasa.* Ilikauka hewani kabla ya kufika. Sogea karibu, ongeza thina, na ufanye kazi wakati ambapo jua halijawa kali. Iliyokwisha kuharibika isugue taratibu kwa msasa wa namba 1500 wenye maji, kisha upake tena.

*Vanishi imeacha weupe kama ukungu.* Unyevu umenaswa ndani yake. Nilipatwa na hili mwezi Aprili, nikadhani modeli imekwisha. Subiri siku kavu, upake vanishi ya kung'aa juu yake mpaka weupe upotee, uiache ikauke, kisha urudie isiyong'aa kwa tabaka nyembamba.

*Woshi inabandua rangi kuu.* Ama rangi yako kuu ni ya enameli, ambayo waiti spiriti huiyeyusha, ama vanishi haikukauka. Acha kusugua mara moja. Iache siku mbili, rekebisha rangi, na safari hii usubiri saa 24 zilizotajwa.

*Woshi imeacha duara zenye ukingo mweusi.* Uso haukuwa na kung'aa kwa kutosha, au waiti spiriti ilikuwa nyingi. Lainisha ukingo kwa brashi yenye unyevu kidogo siku hiyohiyo, kwani ikikauka wiki nzima haitoki kirahisi.

*Dekali inaonyesha ukingo unaong'aa.* Tabaka jingine la vanishi isiyong'aa huuficha. Ikiwa kuna hewa chini yake, itoboe kwa ncha ya sindano, weka tone la maji yenye siki kidogo, na uibonyeze.

*Vumbi limekuwa jingi mno.* Kwa kijiti cha pamba chenye waiti spiriti, anza kuliondoa kutoka juu kwenda chini, na uliache kwenye pembe. Mara nyingi matokeo huwa mazuri kuliko ulivyokusudia mwanzoni, kwa sababu mvua nayo huondoa vumbi hivyohivyo.

*Tope limebanduka kama ganda.* Jasi ilikuwa nyingi kuliko gundi. Dondosha gundi nyeupe iliyotiwa maji mengi kwenye nyufa kwa brashi nyembamba, na uiache inywewe.

*Poda inatoka mkononi kila modeli inapoguswa.* Waiti spiriti hushikilia poda kwa udhaifu tu, na hakuna vanishi itakayoizuia bila kuibadilisha rangi. Bandika kifaru juu ya kibao, kwa skrubu moja kutoka chini ikiwa unaweza, na kuanzia siku hiyo ukishike kwa kibao.